ALIMUUA MDOGO WANGU KWENYE USAILI

"Daktari Prajapati, hebu simama hapo hapo!"

Nikaacha kusimulia.

Kwenye skrini ya kompyuta yangu kulikuwa na nyuso tatu. Muda mfupi uliopita zilikuwa zinanisikiliza kwa huruma. Sasa zilikuwa zinaniangalia kama mtu aliyekamatwa na simu ya wizi mfukoni...

Aliyenikatisha ni Daktari Lorraine Pasternak. Mama mtu mzima, nywele nyeupe, mkuu wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili kwenye hospitali moja hapa Queens, New York.

"Habari hii tumeshaisikia leo," akasema.

"Mmeisikia? Kwa nani?"

"Kwa mwombaji mwingine, anatoka Nepal kama wewe. Mdogo wake wa kiume aliugua akili. Akafungiwa chumba cha nyuma. Mama yao akawa anampitishia wali dirishani. Kwa majirani wakasema kijana kaenda kusoma India."

Jamani!

"Huyo ni mdogo wangu mimi," nikasema. "Anaitwa Sujan."

"Wa kwake naye anaitwa Sujan."



"Tofauti ni moja tu," akaendelea, kalamu mkononi. "Yeye alisema mdogo wake alifariki. Wa kwako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani Bhaktapur, anafinyanga vyungu. Jana kanipigia kulalamika kwamba udongo aliouziwa umejaa mawe."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Asante, Daktari. Muda wetu umekwisha."

Skrini ikawa nyeusi.

Na jikoni, nyuma ya ukuta mwembamba kama karatasi, nikasikia mtu anakoroga chai ya maziwa huku anaimba...

Ni Nitisha. Rafiki yangu. Tuliishi naye chumba na sebule.

Wasomaji wangu, ngojeni niwaeleze ili mnielewe.

Mimi na Nitisha tulisoma udaktari darasa moja kule Nepal. Tukaja Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Ukisomea udaktari nje, hapa hakuna anayekushangilia. Unarudia mitihani mpaka macho yanauma. Unaomba hospitali nchi nzima, na majibu ni yale yale: "Tunasikitika..." Huku unasikitikiwa, huku unaishi kwa kuwanyoa akina mama nyusi kwa uzi kwenye saluni ya mtaa wa Jackson Heights!

Msimu ule hospitali moja tu ndiyo iliniita kwenye usaili. Ile ya Pasternak. Nitisha naye aliitwa hapo hapo, yeye asubuhi.

Na sababu ya mimi kutaka magonjwa ya akili ni Sujan. Wazazi wangu hawakuwa wakatili. Waliogopa macho ya watu. Nilipokuwa mwanafunzi nilimleta mwalimu wangu nyumbani kwa siri, akamwanzishia dawa, tukahangaika naye mpaka mlango ukafunguliwa. Habari hiyo sikuwahi kumwambia mtu.

Isipokuwa Nitisha. Alinishika mkono nikilia. Akalia na yeye!

Nikaingia jikoni.

"Umefanya nini, Nitisha?"

Hata hakugeuka. "Chai. Nikumiminie?"

"Umewaambia Sujan ni mdogo wako!"

"Ah, hilo." Akazima jiko. "Shosti, mimi sina kaka, sina mdogo, sina mgonjwa. Niwaambie nini wale? Kwamba napenda watu? Kila mtu anapenda watu!"

"Na kumuua je? Kwa nini umemuua?"

"Akiwa hai watauliza maswali mengi. Wafu hawaulizwi."

Jamani! Alisema hivyo huku anapuliza chai!

"Nawapigia simu sasa hivi."

Akacheka. "Piga. Wewe ndiye wa pili kuisema, mwizi utaonekana wewe. Halafu utathibitishaje? Utamtoa Sujan hadharani? Mama yako si atakufa kwa aibu? Acha zako, Bipana. Kaa kimya, mwakani utaomba tena."

Nikairudisha simu mfukoni. Alijua pa kunibana. Mpaka siku ile ukoo mzima uliamini kwamba miaka ile aliyofungiwa Sujan alikuwa India.

Lakini moyoni nilisema: bibie, umemgusa mtu asiyeguswa. Utalia mpaka kamasi!

Sikusubiri sana. Sikukuu ya Tihar ikakaribia, na Wanepali wa Queens hukodi ukumbi kwa ajili ya Bhai Tika, siku ambayo dada humpaka ndugu yake wa kiume rangi saba kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Mwaka ule kamati ya sherehe ilitaka pia mazungumzo kuhusu afya ya akili. Nani alijitolea kuongea?

Nitisha!

Tena akajigamba saluni kwetu, mbele ya wateja: "Nimemwalika Daktari Pasternak mwenyewe. Akae mbele, aone jinsi watu wangu wanavyonisikiliza."

Nikaendelea kuvuta uzi kwenye nyusi za mteja. Nikatabasamu. "Hongera, shosti."

Nilipotoka nikapiga simu Bhaktapur.

"Sujan, kuna mtu huku anawaambia watu kwamba umekufa."

"Nimekufa?" Akacheka. "Afadhali, basi leo sichoti maji."

Nikamweleza yote. Akaacha kucheka.

"Dada Nitisha? Yule aliyekula kwetu?"

"Huyo huyo. Sujan, nataka nimuumbue. Lakini siwezi bila wewe, na ukikataa naacha."

"Niweke kwenye skrini, dada. Kubwa kabisa!"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama imepanda. "Msithubutu! Bipana mwanangu, watu watasema nini?"

"Mama," Sujan akamjibu taratibu, "watu wameshasema nimekufa. Kuna baya gani tena watakalosema?"

Nilisikia mama kabamiza mlango...

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Harufu ya maua na sel roti za moto, zile pete za unga wa mchele za kukaanga. Pasternak alikaa mstari wa mbele, kavishwa shada shingoni, pembeni kijana wa kamati anamtafsiria.

Nitisha akapanda jukwaani. Sari nyekundu, macho yameshaloa kabla hajafungua mdomo!

"Leo kila dada anamwombea ndugu yake," akaanza. "Mimi sina wa kumpaka rangi. Mdogo wangu Sujan alifungiwa chumba cha nyuma... Alifia mikononi mwangu. Ndiyo maana nataka kuwa daktari wa akili..."

Akina mama wakavuta vitambaa. Anko Dhruba, mshereheshaji wetu, alilia kama mtoto.

Ananiulia mdogo wangu siku ya Bhai Tika! Nikashika sahani yangu ya rangi.

Anko Dhruba akajikaza, akashika kipaza sauti. "Sasa dada ambao ndugu zao wako mbali, leteni simu, tutawaonyesha kwenye skrini. Nani anaanza?"

Nikanyoosha mkono.

Nitisha aliponiona nakuja na sahani ya rangi, tabasamu likamganda. "Bipana," akanong'ona, "usifanye hivyo. Nakuomba!"

"Kaa kimya, shosti. Mwakani utaomba tena."

Nikaunganisha simu.

Ukuta mzima ukajaa uso wa kijana. Amenyoa, amevaa kofia ya sherehe, udongo bado uko kwenye kucha.

"Namaste wazee wangu," akasema. "Mimi ndiye Sujan. Mimi ndiye marehemu."

Wee! Ukumbi ulilipuka!

"Dada Nitisha," akaendelea kwa upole kabisa, "ulikula kwetu sikukuu nzima, nikakupa chungu nilichofinyanga mwenyewe. Nimekufa lini? Nataka kujua, maana kesho nina oda ya vyungu."

Kuna waliocheka, kuna waliozomea. Nitisha akashika meza. "Ni... ni Sujan mwingine..."

Mara mama yangu akatokea kwenye skrini! Kavaa sari ya sikukuu. Sikuwa nimepanga hilo, naapa.

"Hakuna Sujan mwingine," akasema. "Mimi ndiye niliyefunga mlango ule. Mimi ndiye niliyewadanganya watu kwamba yuko India. Niliogopa midomo yenu. Leo semeni mnachotaka, mwanangu yuko hai!"

Mama mmoja mnene niliyekuwa nikimnyoa nyusi kila mwezi alisimama, akaanza kupiga makofi peke yake huku machozi yanamtoka. Baadaye alinivuta pembeni: binti yake naye yuko chumba cha nyuma, hapa hapa Queens.

Nitisha alikimbia kupitia mlango wa jikoni, sari imenasa, kiatu kimoja kimebaki. Nilifurahi? Sana! Sitawadanganya.

Nikampaka Sujan rangi zote saba pale kwenye kioo cha simu. Nilipogeuka, Pasternak alikuwa nyuma yangu.

"Daktari, samahani kwa vurugu," nikamwambia. "Ilibidi mjue ukweli."

"Nilijua siku ile ile," akasema.

"Nini?"

"Mwenzako nilimuuliza mdogo wake alikuwa mtu wa namna gani. Akanitajia dalili, moja baada ya nyingine, kama anajibu mtihani. Wewe hata sikukuuliza, ukaniambia kuhusu mawe kwenye udongo." Akaweka shada lake sawa. "Lakini mtu simhukumu kwa kuhisi tu. Alipojileta mwenyewe kunialika nije kumsikia akisema mbele ya watu wake, nikakubali haraka sana. Unadhani nilifuata chakula?"

Kumbe! Wakati mimi natega mtego wangu, mama wa watu alikuwa ameshakaa kwenye wake, ametulia, anakula sel roti!

Mwezi Machi majibu yakatoka. Nilikuwa saluni. Nikasoma, nikapiga kelele mpaka mteja nusu nyusi zimkatike. Nimepata! Hospitali ya Pasternak!

Nitisha hakupata popote. Alishahama, na Queens hakuna aliyempa chumba. Siku moja akanipigia analia.

"Nisamehe, Bipana."

"Hukuniua mimi. Mpigie Sujan."

Akampigia. Waliongea mpaka chaji ikaisha. Sujan hakuniambia walichozungumza.

Somo langu ni hili, ndugu zangu. Mgonjwa ni mtu, ana jina na ana mdomo. Habari yake muulize yeye kabla hujapanda nayo ngazi, maana iko siku atasimama aisimulie mwenyewe. Na wewe uliyemficha ndugu yako chumba cha nyuma, mfungulie leo.

Sujan anasema amemsamehe Nitisha.

Mimi bado.