Kiraka cha Lango la Saba

Saa 3:10 asubuhi, Ijumaa

Opik alisogeza vikombe vya kahawa pembeni, akachora kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani. Walikuwa watatu kwenye stoo ya nyuma ya jiko la Neneng, mjini Bandung. Mlango umefungwa. Maboksi mia moja na ishirini ya wali yamepangwa ukutani, chakula cha shukrani kilichoagizwa na studio ya gemu za kompyuta.

"Mlango wa nyuma huu. Ngazi hii. Chumba ni cha mwisho, ghorofa ya pili. Wanaume wakienda msikitini, wanawake wanashuka kula. Juu hapabaki mtu. Nusu saa, Yayan. Usiniongezee hata dakika."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi naye ana Mungu," Neneng akasema. "Ijumaa yeye ndiye wa kwanza kutawadha."

Opik akacheka. Yayan hakucheka.

Mali yenyewe ilikuwa gemu. Lango la Ukungu, ile ya mwaka 2003, iliyowatorosha shule watoto wa nchi nzima wakajibanza kwenye vibanda vya intaneti. Studio ilikuwa imeifufua kwa picha mpya na muziki mpya, itoke Jumatatu. Mtu mmoja wa Jakarta aliitaka leo, aiuze mitaani kabla ya wenyewe. Kompyuta iliyoitunza haikuunganishwa na mtandao wowote. Ilibidi mtu aende kwa miguu yake, na awe anajua cha kuchukua.

Yayan alijua. Ndiye aliyeiandika, akiwa na miaka ishirini na minne. Alipokwenda studio kuomba jina lake liwekwe tu mwishoni, walimpa chai na kumwambia haki zote wameshanunua. Roho ilimuuma tangu siku hiyo. Opik alilijua donda hilo, akalitonesha.

"Kang Opik," Yayan akasema, akimwita kaka kwa Kisunda, "Jumapili ya wiki ijayo namwozesha binti yangu Lilis. Mimi ndiye walii wake. Nilishafungwa mara moja. Nikikamatwa tena..."

"Turubai la harusi kalipia nani?"

"Wewe, Kang."

"Mpishi je?"

"Wewe."

"Basi nitakuachaje?"

"Hatuachani hapa," Neneng akasema, akamkazia macho Opik. Opik alikuwa anafuta unga mezani.

Saa 5:55

Yayan na Neneng waliingia studio na maboksi kifuani na aproni za jikoni, Opik akabaki garini. Hakuna aliyewatazama usoni. Mbeba chakula ana uso gani? Kutoka msikitini, kipaza sauti kilikuwa kimeanza hotuba. Chini wanawake walicheka, vijiko vikagonga sahani.

Saa 6:03

Chumba cha mwisho. Nywila ilikuwa imebandikwa chini ya kibodi, kama kawaida ya watu wa kazi hii. Yayan akachomeka diski. Asilimia kumi. Arobaini. Jasho likamtiririka mgongoni.

Saa 6:12

Imekwisha. Akachomoa diski. Neneng akaizika ndani ya boksi la wali, akafunika kwa jani la mgomba.

"Twende, Kang."

Ndipo Yayan alipoinua macho, akaona ubao ukutani. Kasoro zote za gemu zilikuwa zimekatwa kwa kalamu ya kijani, isipokuwa moja, iliyoandikwa kwa nyekundu: *Lango la saba. Mchezaji akiingia na taa mkononi, gemu inaganda na safari yake yote inafutika. Chanzo hakijulikani. Kiraka cha kurekebisha baadaye.*

Chanzo alikijua. Mistari miwili aliyoiandika mwenyewe kwa haraka, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Kwa miaka ishirini na kitu watu asiowajua walikuwa wanamlaani aliyeiandika, na yeye akisikia, akinyamaza.

Akakaa kwenye kiti.

"Unafanya nini?"

"Nipe dakika sita."

"Za nini?"

"Kuna kitu nilikosea."

"Lini?"

"Zamani."

Neneng akamwangalia kama anayemwangalia mgonjwa wa homa. "Kang, hii gemu tunaiiba! Unamtengenezea nani?"

Vidole vya Yayan vilikuwa vimeshaanza kuandika. Neneng akatukana kwa sauti ya chini, akabeba boksi lenye diski, akashuka.

Saa 6:18

Simu ikatetema.

"Neneng yuko garini," Opik akasema. "Wewe uko wapi?"

"Dakika mbili, Kang."

"Hotuba imekwisha. Wanaswali."

"Mbili tu."

Opik akajibu kwa upole: "Haya, ndugu yangu." Opik hakuwa mtu wa upole. Yayan alipaswa kushtuka, lakini kompyuta ilikuwa inaijenga gemu upya na macho yake yalikuwa huko.

Saa 6:23

Akajaribu. Msafiri wa kwenye gemu akatembea, taa mkononi, mpaka lango la saba. Lango likafunguka. Akapita! Mbele kulikuwa na bonde la mpunga ambalo Yayan alilichora kwa mkono wake na ambalo wachache mno waliwahi kuliona. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, peke yake, ndani ya aproni ya watu.

Akashuka ngazi mbio.

Saa 6:25

Geti la nyuma lilikuwa na mnyororo na kufuli, vimefungwa kwa nje. Opik alitaka wanaomfukuza wacheleweshwe, na hakujali nani yuko upande gani. Gari lilikuwa linakata kona. Ndani yake ilikwenda nakala ya kabla ya kiraka, mbovu vilevile.

Nyuma ya Yayan kandambili zikaanza kulia kwenye lami. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka msikitini.

Jumatatu

Polisi wa zamu aliegemea nondo za mahabusu. "Studio walifuta kompyuta yote, wakarudisha nakala ya Alhamisi. Wanasema hawawezi kuuamini mkono wa mwizi." Akapiga miayo. "Nimeinunua asubuhi. Lango la saba limenifutia kila kitu."

"Weka taa chini kabla hujaingia," Yayan akasema.

Alhamisi

Lilis alikuja na karatasi ya ofisi ya ndoa. Baba anamkabidhi ndugu yake mdogo wa kiume uwalii.

"Hapa, Bapak. Na hapa."

Akatia sahihi.

"Wanasema ulikuwa na muda wa kutoka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Akamweleza yote, taa, lango, mistari miwili. Lilis alimsikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.

"Ungeiba tu ukakimbia, Bapak," akasema. "Ningekuwa na baba Jumapili."