Mwalimu wa Ndani ya Stoo

"Ni nani anamfundisha huko ndani?"

Naliaka, msichana wa kazi, aliuliza hivyo mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Mama Nthenya alisogea karibu na mlango wa stoo. Alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka ofisini mjini, na yeye pia alikuwa amesikia chaki ikikwaruza ubao. Stoo ile ya nyumba yao ya mtaa wa Woodley haikuwa na ubao. Ilikuwa na kreti tupu, meza ya plastiki, na binti yake wa darasa la nane, aliyefungiwa tangu asubuhi afanye hesabu.

Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Mama Nthenya aliuita upendo. Upendo gani huo una kufuli?

"Eksi mara tatu, ongeza tano, ni ishirini," sauti nzito ilisema ndani, taratibu. "Tunaanzaje?"

"Tunaondoa tano," Nthenya akanong'ona.

"Upande gani?"

"Zote mbili. Ukiondoa huku, uondoe na huku. La sivyo haiko sawa."

"Safi. Endelea."

"Eksi mara tatu ni kumi na tano. Nagawanya kwa tatu. Eksi ni tano."

Naliaka alirudi nyuma. "Mama, hiyo si sauti ya mtu. Fungua."

"Wacha ushamba. Humsikii anapata?"

Harufu ya chaki iliyolowa ilipenya chini ya mlango.

"Sasa ile hesabu yetu," sauti ikasema. "Nyinyi mna upande wenu, sisi tuna wetu. Mimi nikihamia kwenu, nani ahamie kwetu, ili iwe sawa?"

Mlango ukapigwa kwa viganja. "Mama! Hii sijafundishwa! Nifungulie!"

Mama Nthenya alikuwa ameshika ufunguo. Angeuzungusha tu. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea.

"Maliza kwanza."

"Umesikia," sauti ikamwambia mtoto kwa upole. "Mama amekubali."

Chaki ikaanza kukwaruza tena, si ubaoni sasa bali kwenye kitu laini, ikipanda na kushuka, huku viganja vilivyokuwa vikipiga mlango vikilegea, na baridi ikitambaa sakafuni hadi kwenye vidole vya Naliaka, ambaye alikuwa akivuta ule ufunguo mkononi mwa tajiri wake na kusukumwa, akivuta tena na kusukumwa tena, mpaka ndani kukanyamaza kabisa na mtu akabisha mara moja, kistaarabu.

Mama akazungusha ufunguo, Nthenya akatoka. Unga mweupe ulikuwa kwenye kope zake. Hesabu zote sahihi.

Akawa namba moja darasani, kisha shule nzima. Kanisani mama yake alisimama kutoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Naliaka aliyefua sare ndiye aliyejua: haikuwa na jasho, wala harufu yoyote ya mtoto.

"Mama, huyu si Nthenya."

"Huyu ni namba moja," Mama Nthenya akajibu. "Na wewe, fungasha vitu vyako."

Barua ya kuitwa shule ya kitaifa ilipofika, mama aliandaa chakula cha wageni. Walipokuwa hawajaingia bado, mkwaruzo mdogo ukasikika stooni, wa kucha safari hii. Msichana aliyeketi mezani akaacha kutafuna, akamtazama mama kwa macho yasiyopepesa.

"Unaweza kumfungulia," akasema. "Lakini yeye akirudi, mimi naenda. Na wageni wako getini. Utawaonyesha yupi?"

Mama Nthenya akatazama ile barua. Akasimama. Akaenda hadi mlango wa stoo, akaweka kiganja juu ya mbao, akahisi kiganja kidogo upande wa pili.

Kisha akafungulia redio, nyimbo za sifa, kwa sauti kubwa.

Chini ya nyimbo hizo, bila kulia, mtoto alisema:

"Mama, huku kuna baridi. Tafadhali nifungulie."