Ukurasa wa Mama Uliokatwa

Siku hiyo duka la kuchapa nyaraka lilifurika watu, na fundi cherehani akasukumwa na foleni hadi akajikuta uso kwa uso na mchapaji. Shati lake la bluu lilipigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Mkononi alishika kurasa kumi za mwandiko.

"Dada, naomba unichapie. Ni habari za maisha yangu, za kuombea uraia."

"Hujambo kwanza," mchapaji akamtania. "Au huko ulikotoka hamsalimiani?"

Fundi akacheka, na moyo wa mchapaji ukaenda mbio. Akaanza kusoma. Looo! Kijana alivuka mpaka na mkasi wa marehemu mama yake tu, akalala chini ya meza ya kukatia nguo, miaka kumi na miwili anashonea watoto wa mji sare, na bendera ya shule ya mtaani kaishona yeye. Wala hajisifu! Mchapaji alimpenda papo hapo, na kazi ya siku moja akaivuta wiki mbili ili simu zao za kila jioni, zilizokwisha kugeuka za mapenzi, zisikatike.

Kosa likaja mwishoni. Ukurasa wa pili wote ulikuwa wa mama, kijiji chake na nyimbo zake. Kwa kuogopa ofisa asije akasema moyo wa mwombaji bado uko kwao, mchapaji akaukata kimyakimya.

Fundi akachukua kazi yake, na jioni simu ikalia. "Umemfuta mama yangu?"

"Mpenzi, nilitaka wakukubali..."

"Wamkubali nani sasa? Bendera yenu nimeishona kwa ufundi alionipa yeye!" Simu ikakatwa.

Mchapaji alilia, asikudanganye mtu. Asubuhi, siku ya usaili, akafungua duka mapema, akauchapa ukurasa ule neno kwa neno, akakimbia hadi ofisi ya uraia, viatu mkononi. Fundi alikuwa benchini, zamu yake imekaribia.

"Mama yako huyu hapa, mzima," akasema akihema. "Nisamehe. Nilikuogopea, kumbe nilikudharau."

Fundi akausoma wote, machozi yakimlengalenga. Kisha akafungua fomu. Nafasi moja ilikuwa tupu: jamaa wa karibu aliye hapa nchini.

"Hapa umesahau," mchapaji akamwambia.

"Sijasahau. Nilitaka nikuombe jana, tukagombana." Akampa kalamu. "Andika jina lako. Kwenye uhusiano, andika mchumba. Kama hutaki, niambie sasa."

Mlango ukafunguliwa. "Anayefuata!"

"Subirini kidogo," mchapaji akajibu, "bado naandika."