Swali Lililosukwa Upya

Mwalimu Nyangeta Magesa alikuwa hajamaliza kuchora chembe ya damu, na tayari maswali yalikuwa yakipanda ukutani, kwenye skrini kubwa. Hakuna mwanafunzi aliyenyoosha mkono. Kila mmoja alikuwa na simu-ngozi, simu nyembamba kama plasta, imebandikwa kiganjani. Waliandika humo kwa kidole gumba, mkono ukiwa chini ya meza.

Kabla ya kufika ukutani, maswali yalipita kwenye mashine iliyoitwa Msusi. Msusi ilifuta jina la muulizaji, ikasahihisha lugha, kisha ikayasuka maswali yanayofanana yakawa moja. Tangu ianze kutumika katika shule ile ya Musoma, hata watoto walioogopa kuchekwa waliuliza. Wakaguzi walisafiri kuja kuitazama. Nyangeta mwenyewe aliipenda.

Somo la siku hiyo lilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Tiba ya kurekebisha jeni ilikuwa imeshaingia nchini, lakini hospitali zenye mitambo yake zilikuwa chache, na wagonjwa walisubiri kwenye foleni ndefu.

Mvua ilikuwa ikinyesha, mtandao ukayumba, Msusi ikasuasua. Wanafunzi wakiwa wameinama wananakili mchoro, swali moja likatokea ukutani kama lilivyoandikwa:

"madam kama foleni ya sikoseli haijanifikia ntajuaje siku yangu imefika"

Mara maneno yakajipanga upya: "Eleza dalili za hatua ya mwisho ya selimundu."

Nyangeta alikuwa ameshafungua mdomo kwa mazoea. "Figo hushindwa kazi. Mapafu..." Akakumbuka yale maneno ya kwanza.

"Madam, umeishia mapafu," akasema Masatu wa dawati la mbele, kalamu mkononi.

Kengele ikalia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mafwiri, fundi aliyeitunza mashine.

"Kuna mwanafunzi wangu ni mgonjwa," alisema. "Nataka jina."

"Jina halipo, Madam. Linafutwa kabla swali halijatoka kiganjani. Sikunyimi, halipo."

"Huwezi kuirekebisha ihifadhi majina?"

"Naweza. Na watoto watajua kabla ya chakula cha mchana. Kesho utabaki na lile swali moja la zamani, la kabla ya Msusi."

"Lipi?"

"'Madam, na hiyo tunaandika?'"

Nyangeta alicheka bila kutaka. Kisha akasema, "Mtoto ameniuliza kama anakufa, Mafwiri. Mimi nikamtajia figo."

Mafwiri alifuta mikono kwa kitambaa.

Kesho yake Nyangeta alijaribu njia ya mashine. Aliandika kwenye simu-ngozi yake: "Uliyeuliza jana kuhusu siku yako, unaogopa?" Ukutani likatoka: "Jadili athari za kisaikolojia za selimundu." Wanafunzi wakafungua madaftari.

"Fungeni," alisema, akauzima ukuta.

"Madam, mtihani umekaribia!" Masatu alilalamika.

"Mtihani utakukuta hapahapa. Nisikilizeni." Alikaa kwenye ukingo wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nilikuwa na mdogo wangu, Nyabise. Alikuwa na sikoseli. Maumivu yakimshika alitutaka tuongeze sauti ya redio, ili majirani wasimsikie akilia. Redio ikipaa tu, nyumba nzima tulijua."

Hakuna aliyeandika.

"Jana mmoja wenu aliuliza kama mtu huijua siku yake. Nyabise hakuijua. Asubuhi ya siku aliyokufa tulikuwa tukigombania kanga yangu mpya. Alikuwa ameivaa bila kuniomba, na alikataa kuivua. Sijui jibu zaidi ya hilo. Wakati ule foleni haikuwepo hata ya kupanga. Sasa ipo, na inasogea, na wengi wanaoisubiri wanaishi miaka mingi. Ila homa ikikushika, usiivumilie hata kidogo. Nenda hospitali." Sauti yake haikutetemeka; alikuwa amefundisha miaka mingi. "Mapumziko nitakuwa maabara. Nitachemsha chai. Anayetaka aje, akiwa na swali au bila swali."

Saa ya mapumziko walikuja watatu, wakasimama mlangoni wakisukumana.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Ingieni, mvua inawapiga."

"Mimi nimemsindikiza Wegesa tu," alisema Masatu.

"Mwongo!" Wegesa akamgeukia. "Si wewe ulinivuta shati? Mimi nimemsindikiza Bhoke."

"Mimi nimefuata chai," alisema Bhoke, huku akitazama birika.

Nyangeta aliwatazama mmoja baada ya mwingine, macho yao, viganja vyao, jinsi walivyokaa. Angeweza kubahatisha. Akaacha. Akawamiminia wote watatu, akawasogezea sukari, kisha akavuta kigoda akaketi karibu nao.

Bhoke akakoroga chai yake.

"Madam," mmoja wao akasema hatimaye, "kwani ile kanga, mlimzika nayo?"

"Ndiyo," alisema Nyangeta. "Niliikunja mwenyewe."