Mlango Hadi Mlango

"Sogea kidogo, dada, gurudumu lipite."

Mwanamke aliyekuwa mlangoni mwa duka lake jipya la dawa akasogea. Mkaguzi wa maduka ya dawa alimpita akisukuma kile kigurudumu cha kupimia chenye mpini mrefu, uso umenuna kama mtu aliyekabidhiwa kigari cha mtoto asiye wake. Alikuwa ameanzia kwenye mlango wa duka la juu, lile lililo karibu na geti la hospitali, akateremka na barabara, akampita kinyozi, akampita fundi viatu, mpaka kwenye kizingiti cha duka lake yeye. Hapo akainama, akasoma namba, akazisoma tena.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Mita. Kutoka mlango wa duka moja la dawa hadi mlango wa jingine zinatakiwa mia mbili. Zako zinapungua kumi na tisa."

"Bwana mkaguzi, mara ya kwanza ulinirudisha kwa sababu ya sinki. Nikaweka sinki. Mara ya pili ukataka kabati la dawa kali liwe na kufuli mbili. Nikaweka kufuli mbili. Leo unaniletea mita?"

"Mara zile lile la juu lilikuwa halijapata kibali. Wiki iliyopita limepata. Aliyewahi ndiye anayehesabiwa."

"Unajua mwenye lile duka ni nani?"

Mkaguzi akaanza kuukunja mpini taratibu, macho chini.

"Najua, dada. Mtaa mzima unajua. Ni mume wako."

Akafunga mkoba wake, kisha akasema la mwisho akiwa tayari amempa kisogo:

"Faili lako nitaliacha wazi mpaka mwisho wa mwezi. Likifungwa, unaanza upya, tangu ombi la kwanza. Pole sana."

Pole! Alizipokea nyingi mwaka huo, na hakuna hata moja aliyoweza kuipanga kwenye rafu.

Walikutana dirishani, yeye na mumewe, kwenye dirisha la dawa la hospitali. Yeye alikuwa anasoma cheti cha mgonjwa kwa sauti, mwenzake anachomoa dawa nyuma yake bila kugeuka. Wagonjwa walipenda kusubiri dirisha lile. Wakaoana, wakaanza kujinyima, wakawa na maneno yao mawili waliyolala nayo na kuamka nayo: duka letu. Hadi jioni moja mume aliporudi nyumbani anatabasamu.

"Nimeshapeleka maombi," alisema.

"Ya nini?"

"Ya duka! Yamepokelewa."

"Umemwandika nani mmiliki?"

"Mimi."

"Na mfamasia msimamizi?"

"Si mimi? Ulikuwa zamu, nikaona nisikusumbue."

Nisikusumbue. Mke alikaa na neno hilo usiku kucha, na kulipokucha akakusanya nguo zake, akahamia kwa mama mkubwa. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkubwa kilikuwa kinatazama barabara ile ile. Akakisakafia, akakipaka rangi, akapeleka maombi yake. Watu wakadhani anashindana na mumewe. Hakuwa anashindana na mtu. Alitaka aone jina lake limeandikwa mahali, basi.

Jioni ya siku ile ya gurudumu, simu ikaita. Mume.

"Mkaguzi ameniambia," akasema.

"Amekuambia nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyekuzibia."

"Mita ndizo zilizonizibia. Wewe umepata kibali tu. Hongera."

"Mke wangu..."

"Usianze."

"Nitalishughulikia hilo jambo."

"Usilishughulikie! Kila ukishughulikia jambo langu, mimi ndiye ninayehama."

Akakata simu. Hakulia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia aliona ni kazi nyingine.

Maisha yake yalikuwa hayo. Asubuhi hospitali, amesimama mpaka miguu inavimba. Jioni dukani kwake, kwenye duka lisilouza kitu. Anapangusa rafu tupu. Anafungua friji, anasoma kipimajoto, anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, kwa sababu mkaguzi alitaka aone joto limefuatiliwa kila siku. Friji yenyewe haina hata chupa moja. Alikuwa anatunza ubaridi wa dawa ambazo hazijafika, na huenda zisifike kamwe.

"Mwanangu," mama mkubwa alimwambia, akiwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, "yule mshona nguo ameniuliza tena kile chumba."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia kina mtu. Lakini na mimi nala, mama. Mwisho wa mwezi tukae tuongee."

"Sawa, mama mkubwa."

"Nisingekuambia, ila..."

"Najua. Hujanikosea."

Mama mkubwa hakuondoka. Alikuwa na la pili, na lile ndilo lililokuwa linamwasha.

"Mumeo anavunja ukuta."

"Anavunja nini?"

"Ukuta! Amefunika duka lote kwa mbele na turubai. Nyundo tangu alfajiri. Wanasema anapanua."

Mke aliweka kitambaa cha kupangusia chini. Akachukua simu, akaandika:

*Umepata kibali, umepata geti la hospitali, na sasa unapanua. Hongera sana bwana mkubwa. Ukimaliza duka upanue na kitanda, maana sasa ni chako peke yako.*

Jibu likaja upesi.

*Sawa.*

"Sawa!" akamwonyesha mama mkubwa. "Mtu unamtukana nusu ukurasa, anakujibu sawa!"

"Huyo amechoka," mama mkubwa akasema.

"Kachoka nini yeye? Ana kibali ukutani!"

Siku zikasogea. Turubai halikuondolewa. Kila akipita kwenda zamu alivuka upande wa pili wa barabara, asije akaonekana anachungulia. Akaanza kuhamisha vitu vyake polepole: kiti, mizani, ile feni ndogo. Alimwambia mama mkubwa ampe jibu mshona nguo. Mama mkubwa akasema atampa kesho, na kesho yake akasema tena kesho.

Ndipo mkaguzi alipopiga simu.

"Uko dukani?"

"Nipo. Nafungasha."

"Acha kufungasha. Nakuja na gurudumu."

"Kwani barabara imerefuka?"

"Wewe nisubiri mlangoni."

Akasimama mlangoni, akatazama juu, upande wa hospitali. Akasubiri. Kinyozi naye akatoka kutazama, mkasi mkononi, mteja kamwacha na nusu kichwa. Mkaguzi hatokei. Mara wakasikia gurudumu linakwaruza kokoto, akaibukia kwenye kona ya kichochoro, jasho linamtoka, kiatu kimoja kimeingia tope. Akasukuma mpaka kizingitini. Akainama, akasoma.

"Zimefika," akasema. "Na zimezidi."

"Mbona umetokea huko?"

"Kwa sababu mlango uko huko."

"Mlango gani?"

"Wa mumeo. Ule wa mbele ameuziba kwa matofali, umekuwa ukuta. Ametoboa mwingine nyuma, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka. Sisi tunapima mlango hadi mlango, dada. Ukuta hatuupimi."

Kinyozi akapiga mluzi. Mke alishika mwimo wa mlango.

"Na kibali chake?"

"Kibali kinatolewa kwa duka jinsi lilivyokaguliwa. Ukihamisha mlango, kinasimama mpaka ukaguliwe upya, na foleni yetu unaijua. Leo asubuhi nimekishusha ukutani kwa mkono wangu huu. Haruhusiwi kuuza hata kidonge cha kichwa. Nikamuuliza, bwana, una akili timamu? Akasema usingizi ndio hana, akili anazo."

Akachukua kalamu, akaweka alama kwenye karatasi zake.

"Wewe umepita. Kibali chako kitatoka mwezi huu. Hongera, dada."

Alitakiwa aruke. Alitakiwa apige vigelegele mtaa mzima utoke nje. Badala yake alivua koti jeupe, akalitupa juu ya kaunta, akapanda barabara kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana.

Kichochoro kilikuwa chembamba, kinanuka. Mumewe alikuwa ameinama kwenye mlango mpya ambao ulikuwa bado tundu tu, anampa fundi ujenzi matofali. Amekonda. Simenti imemjaa mpaka kwenye kope.

"Umefanya nini?" akamuuliza.

Mume akanyoosha mgongo polepole.

"Nimekupa mita."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Ndiyo hivyo! Hakuna! Ulipoandika jina lako peke yako, hukuniuliza. Leo umebomoa duka, umepoteza kibali, umejihamishia kwenye mapipa, hukuniuliza. Ubaya wako na wema wako ni mtu yule yule mmoja, na mtu huyo haniulizi!"

Fundi akaweka mwiko chini kwa adabu.

"Mimi nikachote maji," akasema, ingawa ndoo mbili zilikuwa zimejaa. Akaenda zake.

"Niliona nikikuuliza utakataa," mume akasema.

"Ningekataa! Ndiyo maana watu wanauliza, ili mwenzako apate nafasi ya kukataa!"

Mume akakaa juu ya mfuko wa simenti kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nimechoka, mke wangu."

"Na mimi je? Naandika joto la friji tupu kila siku!"

"Hata mimi niliandika. Mwaka mzima. Siku moja nikaweka chungwa ndani, angalau nilinde kitu."

Mke hakutaka kucheka. Alikuja pale kwa ajili ya ugomvi, na ugomvi ulikuwa haujaisha. Lakini kicheko kilimtoka kupitia puani, kidogo, na kikamuudhi.

"Utakikataa?" mume akauliza. "Kibali?"

"Nikikatae? Hilo ndilo ulilokuwa unalisubiri, nikikatae halafu tukumbatiane tulie? Nitakichukua. Nitakitundika ukutani, jina langu juu, na nitauza dawa mpaka uzeeni."

"Vizuri." Na alimaanisha. Uso wake ulilegea kabisa, uso ule wa dirishani wa zamani, na mke akajua kwamba hajaacha kumpenda mtu huyu hata siku moja, jambo ambalo lilimchosha kuliko foleni zote za vibali.

"Sasa wewe utaishi kwa kitu gani?"

"Natafuta kazi." Akajipangusa simenti usoni, akazidi kujipaka. "Nimesikia kuna duka jipya linafunguliwa huko chini. Labda wanahitaji mtu wa dirishani."

Mke akakunja mikono kifuani.

"Una uzoefu?"

"Ninao. Dirisha moja, na mwanamke mmoja mkali."

"Kwa nini uliacha?"

"Aliniacha yeye."

"Kwa nini?"

Utani ulikuwa umemfikisha mume mahali ambapo utani haumsaidii.

"Kwa sababu nilikuwa namwona kama mkono wangu," akasema. "Mkono huuulizi. Unaunyoosha tu. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi."

Mke alitazama ukuta, matofali mabichi, tundu lile la aibu kwenye kichochoro.

"Kazi ipo," akasema mwishoni. "Mshahara mdogo. Bosi ni mimi. Nikisema hapana, ni hapana."

"Nimekubali. Na nyumbani?"

"Nyumbani usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

Fundi akarudi na ndoo yake, akawatazama kwa jicho la pembeni kupima kama vita vimekwisha.

"Bosi, fremu nataka kuifunga kabla giza halijaingia. Huu mlango ufungukie ndani au nje?"

Mume akageuka amjibu, na jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, mke aliliona kabisa. Halafu akalimeza. Akamgeukia mkewe.

"Wewe unaonaje?"

Fundi alishangaa, maana mlango si wa mama, duka si la mama. Mke akautazama mlango ule kwa muda mrefu kuliko unavyostahili mlango wowote.

"Ndani," akasema. "Kichochoro chembamba hiki. Ukifungukia nje utawapiga watu."

"Ndani, fundi," mume akasema.

Mwiko ukaanza kazi. Mke akauvuta mfuko mwingine wa simenti, akakaa kando ya mumewe, miguu imenyooka mbele, viatu vya zamu vimejaa vumbi. Bega lake likaegemea bega la mwenzake, kwa uchovu kwanza, kisha si kwa uchovu tena. Akatoa simu, akapiga.

"Mama mkubwa? Nimepita. Ndiyo, kibali nimepata. Mwambie mshona nguo chumba kina mtu. Eeh. Na usinisubiri kula."

Sauti ya mama mkubwa ikasikika mpaka kwa fundi:

"Kwani unalala wapi?"

Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameinamia matofali, anajifanya hasikii, pumzi ameibana.

"Nyumbani kwangu," akasema.