Aliyeshuka na Saikal

Saikal alipokumbuka mablanketi, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima.

Kesho yake wakubwa wangepanda kutoka mji mkuu, Bishkek, kuja kufungua msimu wa kuteleza kwenye theluji. Wangekalishwa nje, mbele ya jukwaa, kwenye baridi ya kupasua midomo, na mablanketi mapya ya kuwafunika magoti yalikuwa yamepelekwa kileleni kimakosa.

Kila kitu kingine kilikuwa tayari. Viti vipya vya kebo vilining'inia kutoka bondeni hadi juu, kila kimoja cha watu wanne, badala ya ile kamba ya zamani iliyokuwa ikiwaburuta wageni kama mbuzi. Mashine za kupuliza theluji zilikuwa zimefanya kazi wiki nzima. Nguzo zilikuwa na taa ili watu wateleze hata jioni. Kileleni kulikuwa na mkahawa wa vioo. Yote hayo yalikuwa kazi ya Saikal, naibu meneja, na kijiji kizima kilimchukia kwa hayo.

Mteremko usingepanuka bila kukata msitu wa mireteni. Wanawake wa kijiji walikuwa wakifunga vitambaa vya maombi kwenye matawi ya miti ile tangu enzi za bibi zao. Walipokuja kusimama mbele ya misumeno, Saikal aliita polisi. Mama mkwe wake mwenyewe, Bi Uulkan, alishikwa mkono na askari akasogezwa kando kama gunia la viazi. Tangu siku hiyo mama yule hakumwita Saikal kwa jina. Waliishi nyumba moja, chini kabisa ya mteremko, wao wawili na Aizirek, binti mdogo wa Saikal. Mume alikuwa Urusi kwenye mijengo, hana habari.

Shemeji yake, Joomart, ndiye aliyekuwa zamu kwenye mtambo wa viti. Alikubali ajira, lakini hakukubali kuficha kinyongo.

"Mkuu anapanda saa hizi?" alimuuliza, mdomo umepinda. "Au umeona bado kuna mti mmoja umesimama huko juu?"

"Washa mtambo, shemeji. Nachukua mzigo nashuka."

"Nawasha. Wewe ndiye wa kuamuru, sisi wa kusogezwa."

Saikal aligeukia kiti kilichokuwa kinakuja. Alikaa, akashusha chuma cha kujikingia, kiti kikamnyanyua.

Kileleni upepo ulikuwa umekufa. Theluji ilikuwa ya buluu. Alifungua mkahawa, akavuta gunia moja la mablanketi lililosimama nyuma ya mlango, akageuka.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye meza ya pembeni.

Alivaa joho refu la zamani, la rangi isiyosemeka, na kitambaa kichwani. Uso wake ulikuwa mzuri, mweupe, bila mkunjo hata mmoja. Mikono alikuwa ameificha ndani ya joho.

Saikal alishtuka, kisha akapandwa na hasira. Alijua ni nani hawa. Wa vitambaa.

"Umeingiaje humu? Mlango ulikuwa umefungwa."

Kimya.

"Dada, nasema nawe. Kama mmepanga kuja kulia kesho mbele ya wageni, mmeumia. Askari watakuwepo. Haya, toka, tushuke."

Mwanamke alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Saikal alivyodhani. Akamfuata nje bila neno, na kitu kimoja tu kilimgusa Saikal pale mlangoni, harufu. Harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye jasho... na chini yake, mafuta ya kondoo yaliyoganda.

Walikaa kiti kimoja. Saikal upande huu, gunia katikati, mwanamke upande ule. Kiti kikaanza kushuka.

Giza lilikuwa linaingia taratibu, likipanda kutoka bondeni. Taa za nguzo zilikuwa bado hazijawashwa. Chini yao visiki vya mireteni vilichomoza kwenye theluji, vyeusi, kama watu waliokaa.

Saikal hakupenda ule ukimya.

"Wewe ni wa ukoo wa nani?" aliuliza, sauti imelegea kidogo. "Sikukumbuki."

Mwanamke alimtazama. Hakupepesa jicho.

Hapo kiti kikasimama.

Kilisimama ghafla, kikayumba mbele, kikayumba nyuma. Kebo ililia juu yao, kisha ikatulia. Saikal akatoa redio ya mkononi.

"Joomart! Kuna nini?"

Redio ilikwaruza. Kisha ikaja sauti ya shemeji yake, tamu, yenye sumu.

"Hakuna kitu, mkuu. Nimeona ukae kidogo uangalie kazi yako. Ukiwa umetulia hivyo unaona visiki vizuri."

"Joomart, acha utoto. Washa."

"Mama yangu alikaa kwenye theluji masaa mangapi siku ile? Mkono wake hadi leo haupandi juu ya kichwa."

"Siko peke yangu," Saikal alinong'ona. "Kuna mwanamke hapa."

Redio ilikwaruza tena.

"Umepanda peke yako."

"Alikuwa mkahawani."

"Saikal, asubuhi nimefunga mwenyewe. Na ile njia ya miguu imezibwa na theluji ya mashine zenu..." Sauti ilikuwa imebadilika. "Hebu ngoja. Nawasha."

Hakikutikisika kitu.

"Mtambo hauwaki," alisema Joomart. Utani ulikuwa umemtoka wote. "Haki ya Mungu, nabonyeza na hauwaki. Anafanya nini huyo mwanamke?"

Saikal aliirudisha redio mfukoni mwa koti. Mwanamke alikuwa anamtazama mfukoni. Mle mfukoni mlikuwa na maandazi ya boorsok aliyomchukulia Aizirek kazini. Saikal akatoa moja, akalinyoosha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mwanamke alilipokea kwa mkono uliofunikwa na joho. Lakini nguo iliteleza kidogo. Kidogo tu.

Saikal aliona ncha. Nyekundu, ngumu, iliyong'aa. Ndefu kuliko kidole kilichoibeba.

Shaba.

Kila mtoto wa milima ile amewahi kutishwa na Jeztirmak, mwanamke mwenye kucha za shaba. Huwafuata wawindaji wanaolala porini. Haongei. Hukaa nao, hula chakula chao, mikono ameificha, kisha huondoka. Ukishalala, hurudi. Saikal alikuwa ameicheka hadithi hiyo tangu alipokwenda chuo.

Sasa hakucheka.

Mwanamke alimaliza kula. Akasimama juu ya kiti kilekile kinachoning'inia, na kiti hakikuyumba. Akashika nguzo iliyokuwa karibu nao.

Krii... krii... krii...

Chuma kwa chuma. Alikuwa anashuka nguzo kichwa kikiwa chini.

Kisha kimya.

Saikal alitazama gizani, hakuona kitu. Akajilazimisha kukumbuka. Yule mwindaji wa kwenye hadithi alipona vipi? Alilaza gogo kando ya moto, akalifunika koti lake. Mwenyewe akajificha.

Akavua koti. Koti lake jekundu la kazi, lenye nembo mgongoni. Baridi ilimng'ata kama mbwa. Akalivalisha gunia la mablanketi, akalivika kofia, akaliegemeza kwenye kona kama mtu aliyesinzia. Akatazama chini. Hapo karibu na nguzo, mashine moja ilikuwa imerundika theluji nyingi, kilima kizima, kiasi cha urefu wa nyumba. Akainua chuma cha kujikingia, akafumba macho.

Akajiachia.

Alizama hadi kifuani. Theluji ya mashine si laini kama ya Mungu, ilimchuna uso na viganja. Hakupiga kelele. Alijizika zaidi, akabaki na macho tu nje.

Krii...

Sauti haikutoka kwenye nguzo. Ilitoka juu. Kitu kilikuwa kinakuja kwenye kebo, kinashuka kutoka kileleni, mkono mbele, mkono nyuma, joho linaning'inia kama ngozi iliyoanikwa. Kilifika juu ya kiti. Kikatulia. Kikasikiliza.

Kikaanguka juu ya koti.

Saikal alisikia kitambaa kikichanika, haraka, haraka, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza ndani ya godoro. Vipande vya blanketi vilimdondokea usoni. Halafu vurugu ikakoma.

Ikasikika pumzi ndefu.

Kilikuwa kimejua.

Na hapo, mtambo ukawaka. Kebo ikavuta. Taa za nguzo zote zikawaka kwa pamoja, mteremko mzima ukawa mweupe kama mchana, na Saikal akaona kiti chake kikiondoka polepole kuelekea bondeni. Mwanamke alikuwa amekaa vizuri katikati. Alikuwa anavaa koti jekundu. Mkono mmoja. Kisha mwingine. Akavaa na kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi, kama Saikal alivyozoea kuivuta.

Redio ilikuwa imebaki mfukoni mwa lile koti.

Saikal alikimbia. Aliteleza, alijikwaa kwenye visiki, aliviringika, aliinuka. Viti vitupu vilimpita juu ya kichwa kimoja kimoja bila haraka. Alipofika kwenye mtambo alikuwa hana kiatu cha mguu wa kushoto.

Joomart alimwona akaruka nyuma, mgongo ukagonga ukuta.

"Wewe... wewe si umeshapita?"

"Nani kapita?"

"Wewe! Umeshuka kwenye kiti, nimekuomba radhi, umenipita kama sijasema kitu. Nikasema sawa, amekasirika." Akaonyesha mgongoni kwake. "Koti lako lilikuwa limechanika mgongoni lote. Nimekuita. Hukugeuka."

"Kaelekea wapi?"

Joomart aligeuka. Alitazama chini, kwenye dirisha lenye mwanga la nyumba ya mama yake.

Walikimbia wote wawili.

Bi Uulkan alikuwa amekaa kando ya jiko, bakuli la chai mkononi. Mbele yake kulikuwa na bakuli jingine, tupu. Koti jekundu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake wa kila siku, mgongo umekuwa nyuzi.

"Umetoka tena kufanya nini bila koti?" aliuliza mama mkwe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya misumeno sauti yake haikuwa na ukali. "Kaa. Chai bado ipo."

"Aizirek yuko wapi?"

"Amejificha huko, mtoto mjinga. Wewe unaingia, yeye anakimbia."

Saikal aliyavuta magodoro na mifarishi yaliyorundikwa ukutani. Mtoto alikuwa nyuma ya rundo hilo, amejikunja, viganja mdomoni. Alipomwona mama yake hakumkimbilia.

"Toa mikono," alinong'ona. "Toa mikono nione."

Saikal alitoa mikono, iliyochunika, inayovuja damu. Mtoto aliitazama kidole kwa kidole, halafu akamrukia shingoni akaanza kulia.

Bi Uulkan alikuwa ameweka bakuli chini. Alimtazama mkwe wake asiye na koti, asiye na kiatu. Alilitazama koti. Kisha, taratibu, aligeuza kichwa kuelekea mlango wa nyuma, uliokuwa wazi kiasi cha mtu kupita ubavu.

"Basi yule..." alisema.

"Mama, hakukugusa?" Joomart aliuliza. "Hakukufanya kitu?"

"Aliniinamia," alisema mama yake. "Mara tatu, kama mkwe anavyotakiwa kumwinamia mama wa mumewe. Huyu hajawahi." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Hakusema neno la kuniudhi hata moja."

Joomart alifunga mlango kwa komeo. Mama yake alimtazama akifunga, na hakuonekana kufurahi.

Msimu ulifunguliwa kama ulivyopangwa. Wakubwa walisifu viti, walisifu taa, walipiga picha mkahawani. Saikal hakuwepo. Alikuwa ameshaacha kazi na kupanda gari la asubuhi kwenda Bishkek na mtoto, kwa dada yake. Walimsihi Bi Uulkan aende nao. Alikataa katakata. Joomart alimwomba ahamie kwake, upande wa pili wa kijiji. Alimfukuza kwa mti wa kuchochea moto.

Alichosema Joomart baadaye ni kwamba yeye alisimamisha mtambo kwa muda wa kuvuta sigara moja. Aliyeuwasha si yeye. Na taa hakuzigusa.

Katikati ya baridi ile, Saikal aliona haya kukaa kimya. Alikuwa bado mkwe. Alipiga simu siku ya Ijumaa, wakati wa chai ya alasiri.

Iliita muda mrefu.

"Mama, ni mimi, Saikal. Hujambo? Mkono unaendeleaje?"

Upande wa pili palikuwa na utulivu wa nyumba yenye moto mzuri. Kuni zilipasuka. Bakuli lilisukumwa juu ya meza.

"Unapiga simu ya nini?" alisema Bi Uulkan. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekatizwa maongezi. "Uko hapa. Umekaa mbele yangu."

"Mama... Mama, nisikilize. Toka humo ndani. Toka sasa hivi."

"Mimi nitoke?" Bi Uulkan alicheka kidogo. Kisha sauti ikasogea mbali na simu, ikawa laini, sauti ambayo Saikal hakuwahi kuisikia kwa miaka yote aliyoishi kwenye nyumba ile. "Kula, mwanangu. Kula, usijali. Huyo hatarudi."

Simu ikakatwa.