Kicheko Mwishoni mwa Disiki

Krrr... tik. Kitu kilibingirika sakafuni gizani, kikagonga mguu wa kitanda. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Kamenge.

"Joëlla, unacheza na nini?"

Sikuzani akawasha tochi ya simu. Kiganjani mwa binti yake kulikuwa na kigurudumu cha chuma, kidogo kama punje ya mahindi.

"Ni ya tonton Massoudi," mtoto akanong'ona.

Jina lile la "mjomba" asiye wa damu lilimchoma mama mtu.

Yeye na Massoudi walikuwa wamekutana sokoni, katikati ya wauza mitumba. Sikuzani, kitenge cha kijani kiunoni, alikuwa amebana kwapani disiki, santuri ya zamani. Massoudi, fundi wa redio wa mtaa wa Cibitoke, akapaza sauti: "Dada, polepole! Hiyo si sahani ya ugali!" Watu wakacheka, isipokuwa Sikuzani. Tangu amzike baba wa Joëlla, kucheka kulimtoka.

Disiki ile ndiyo aliyoachiwa na mama yake, aliyekufa wakikimbia vita kutoka Uvira, Sikuzani akiwa bado mgongoni. Picha hakuna. Humo mama aliimba wimbo wa mwisho, ulio karibu na tundu la katikati, na binti hakuwahi kuusikia. Massoudi akaichukua, na moyo wa mwenye disiki ukafuata.

"Sheri, mupenzi, mashine yangu ya disiki itaikwangua," alimwambia. "Mukono wake wa sindano unazunguka kama mulango. Ukifika katikati, sindano inakaa mushazari. Nitakutengenezea mukono wenye kwenda umenyooka, kama treni."

"We na treni umeipanda wapi?"

"Nitaipanda na weye."

Akatafuta mrija wa kioo uwe reli, akakunja waya uwe kigari, akang'oa vigurudumu kwenye feni za kompyuta zilizokufa.

Kisha ikaja siku ya simu. Sikuzani alimpigia mchana, akasikia mwanamke akicheka, karibu kabisa na Massoudi.

"Nani huyo?"

"Ni disiki, mupenzi! Kigurudumu kimoja kimepotea, nashikilia kigari na vidole, nijaribu tu mwisho wake..."

"Disiki inacheka? Mi si mujinga, Massoudi."

Akakata. Hakupokea tena.

Sasa kigurudumu kile kilichopotea kilikuwa mkononi mwake, na hatia nusu moyoni. Asubuhi akamshika Joëlla mkono hadi Cibitoke. Massoudi alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Mutoto alichukua hii. Tunaenda."

"Niliitafuta mpaka ndani ya muchele," alisema. "Siku, ngoja. Sikiliza, halafu uende."

Akakipachika. Kigari kikateleza juu ya kioo, kimenyooka. Sindano ikashuka kwenye wimbo wa mwisho.

Kwaru, kwaru. Hakuna sauti ya mtu.

"Wimbo uliisha kuliwa zamani, na mikono ya mashine zingine," Massoudi alisema akitazama chini. "Nilizani mukono huu utaokoa hata neno moja. Nisamehe."

Sikuzani akaziba mdomo kwa kitenge. Maisha yote ameibeba disiki, kumbe amebeba mikwaruzo. Kwaru, kwaru. Na pale mwisho kabisa, wimbo ulipokwisha, mwanamke akacheka: kicheko kifupi, cha kukatikakatika, kama cha mtu anayekaripiwa anyamaze.

Ni kile cha kwenye simu. Kumbe alikuwa amemwonea wivu mama yake mwenyewe.

Alikaa chini, pale pale penye vumbi. Massoudi akakitafuta kiganja chake. Hakukiondoa.

Joëlla alikuwa amelaza sikio karibu na mashine. Akainua kichwa, akamtazama mama yake.

"Mama, zamani ulikuwa unacheka hivyo."